Msiuze michikichi kwanza

Kaka, rekodi ya mpwa wetu uliyotuma nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye tramu, nikacheka peke yangu mpaka watu wakanigeukia. Kijana ana besi kweli. Halafu nikafika kwenye swali lenyewe: familia iuze shamba la michikichi la Mwandiga ili aje Ujerumani kuimba opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, "maana wewe ulishatoboa". Nimekaa nalo siku mbili. Sasa najibu, na wengine mlioniuliza pembeni msome humuhumu.

Tuanze na kutoboa. Nilipokuwa nimeajiriwa na jumba moja la opera, mshahara wangu ulikuwa euro 3,100. Kodi, bima ya afya na pensheni vikishakatwa, mkononi zinabaki kama 2,000. Mkizigeuza kuwa shilingi za Tanzania mnaona zaidi ya milioni tano, mnaishia hapo. Mimi ndipo naanzia: nyumba inakula 780, kuna umeme, nauli, chakula, na ile ya mama ya kila mwezi ambayo haijawahi kuchelewa.

Na ajira yenyewe ni ya msimu. Huku kwa waimbaji kuna tarehe inaitwa 31 Oktoba: kama hawataki kuendelea na wewe msimu ujao, barua lazima iwe imekufikia ifikapo siku hiyo. Yangu ilikuja mwaka wa nne. Hakuna aliyesema naimba vibaya. Mkurugenzi mpya alikuwa anakuja na watu wake. Jioni ileile nilikuwa na onyesho. Nikavaa joho la Sarastro, yule kuhani mkuu katika opera ya Mozart ya 1791, nikasimama kuwaimbia watu kwamba ndani ya kuta hizi takatifu kisasi hakijulikani. Wakapiga makofi sana. Nadhani sijawahi kuuimba vizuri kama usiku ule.

Sasa natembea na begi. Mikataba yangu inalipa kwa onyesho, na wakala anakata chake kwanza. Februari nilisafiri saa sita kwenye treni, nikaamka hotelini koo limeziba. Hela ya onyesho ikapotea, na hoteli nililipa mwenyewe.

Mnauliza kama ni sawa na kwaya ya parokia. Hapana, na hili ndilo lililonitesa zaidi. Kule nyumbani besi tulikuwa tunashusha kidevu na kukoroma, mwalimu anafurahi. Huku hakuna maiki. Mbele yako kuna okestra, wapiga ala sitini, nyuma ya okestra kuna ukumbi, na bibi wa kiti cha mwisho kabisa amelipa kiingilio. Ukikoroma hasikii kitu. Kinachopenya ni mlio mkali ulio juu ya ile sauti nene, kwenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu sana. Wavuvi wa Kibirizi wanaoitana toka mtumbwi hadi mtumbwi wanao bila kufundishwa. Mimi nilifundishwa miaka miwili: mwalimu wangu ananibana mbavu kwa mikono yake zisishuke mapema, na kila nikishusha kidevu ananipiga kidole chini yake. Wakati huohuo najifunza nota za mistari mitano, kwa sababu nilikuja nikisoma nota za herufi tu, zile d-r-m (do, re, mi). Wenzangu walikuwa wanasoma hizo nota tangu wana miaka sita.

Shangazi ameuliza kuhusu picha yangu nikiwa na mapembe. Ni kazi, shangazi. Kwenye opera mwanamume wa sauti ya juu, tenor, ndiye anayepata mchumba; sisi besi tunapewa wafalme, makuhani, baba za mabinti na shetani. Yule wa mapembe ni shetani Mephistopheles wa opera ya Gounod, ya 1859. Misa naenda.

Upweke sitauandika mrefu. Mwaka juzi niliimba Oldenburg, siku ya mapumziko nikapanda treni hadi Papenburg, mji ambako meli yetu ya Liemba iliundwa mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kuunganishwa upya Kigoma. Nikasimama kando ya mfereji nikapiga honi ya Liemba kwa mdomo, ile ndefu ya kuondoka. Mama mmoja na mbwa wake wakahamia upande wa pili wa barabara.

Kuhusu kijana sasa. Ana miaka 20. Michikichi ya kisasa inaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Besi inakomaa kwenye miaka 35 au zaidi. Katikati hapo atakula nini? Vyuo vingi vya muziki vya serikali huku havitozi ada, ila kwenye jimbo la Baden-Württemberg wageni kutoka nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula. Hela kubwa ni ya viza: mwanafunzi anatakiwa aonyeshe euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, na zinafungiwa kwenye akaunti. Hiyo ndiyo michikichi yenu, mwaka mmoja tu. Na mtihani wa kuingia anaimba bila karatasi, wanampima nadharia na piano.

Ningekuwa mimi, ningeulizia Cape Town kwanza, chuo kikuu cha kule kina shule ya opera. Afrika Kusini ina waimbaji hasa: yule dada mliyemwona kwenye runinga akiimba siku Mfalme Charles anatawazwa, Mei 2023, ni Pretty Yende, wa kwao. Lakini hata kabla ya hapo aombe kukaa kwenye kinanda cha parokia saa moja kila siku, na ajifunze ile mistari mitano.

Na anitumie rekodi nyingine. Ile ina mwangwi wa programu, sauti yake halisi siijui. Simu aiweke hatua tatu mbali, asimame, aimbe jioni. Asirekodi akiwa ametoka kuamka. Asubuhi hata wewe kaka ni besi.