Mbwa akizeeka hadi miguu ikatae, utajuaje saa yake imefika

Dada wa Bahati, umeuliza utajuaje kama saa ya mbwa wako imefika. Unasema ana miaka 13, miguu ya nyuma imekataa, chakula anaonja tu, mzee wa nyumbani anasema mwache afe mwenyewe na jirani anasema mtilie sumu kwa nyama muishe. Nimesoma nikaona siwezi pita tu. Wacha nikujibu kirefu maana hiyo njia tumeipitia na mbwa wetu Chui hapa Njoro, na hadi sai nikimtaja naskia koo inakaza.

Kwanza hiyo ya sumu, hapana kabisa. Sumu haimlazi mbwa, inamtetemesha na kumtapisha na anaweza kuteseka masaa mengi akiwa anajua kila kitu, halafu ile nyama ikibaki inaliwa na paka, na mbwa wa jirani, na mtoto mdogo anaokota. Mbwa aliyekesha kwa geti lako miaka yote hiyo hafai kufa akijipindapinda nyuma ya choo. Jirani akirudia mwambie hivyo hivyo.

Chui alikuwa chotara, mama yake jemani shefadi na baba kienyeji, tulimleta akiwa ndani ya katoni kwa matatu akilia njia yote. Huyo mbwa alikuwa anamsindikiza mama watoto hadi steji alfajiri kukiwa bado giza, anangoja matatu iondoke ndio anarudi, na hakuna mtu aliyemfundisha. Adui yake mkubwa alikuwa punda wa mkokoteni wa maji, akisikia tu zile gurudumu kwa murram anaruka, kelele kampaundi yote, na punda mwenyewe hata hamjali.

Uzee ulianza polepole. Mdomo ukawa mweupe, macho yakaingia ukungu, halafu Julai, hii baridi ya Njoro ikifika, asubuhi anachukua muda mrefu kusimama. Viungo vya mbwa mzee vikiisha hivyo baridi inaviuma sana, na simiti ndio mbaya zaidi kwa sababu ni baridi na inateleza. Tulimtandikia magunia toka pale analala hadi mlangoni, sufuria yake tukaipandisha juu ya jiwe asiinamishe shingo. Hivyo vitu viwili vilimsaidia sana kwa hivyo anza navyo leo, havina gharama.

Kile usifanye ni kumpa dawa zako za maumivu. Najua mtu anaona mbwa anaumwa anatafuta panadol ama brufen ama zile diklofenaki za mgongo kwa droo. Brufen na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, panadol inaharibu ini na damu. Ziko dawa za maumivu za mbwa wenyewe na daktari wa mifugo anazo, anampima uzito ndio anajua kiasi. Na uulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, ni swali la kawaida hata hawezi kasirika.

Sasa, umesema wako anakunywa maji mingi na kukojoa kila saa. Chui alifanya hivyo hivyo. Daktari akatoa damu akatuambia ni figo, akatuelezea vile figo ikichoka haiwezi tena kubana mkojo uwe mzito, kwa hivyo maji inapita tu na mbwa anakunywa kufidia, na ule uchafu wa damu ambao figo ilikuwa inatoa unabaki mwilini, ndio maana kichefuchefu, ndio maana anakaribia chakula ananusa anageuka. Alisema mbwa anaweza kupoteza karibu theluthi mbili ya nguvu ya figo kabla hata hujaona dalili. Kwa hivyo usijilaumu ati mbona hukuona mapema. Kuna ugonjwa wa sukari pia inaleta kiu kama hiyo, na hiyo ina matibabu, ndio maana damu ni lazima ipimwe kabla hujaamua kitu.

Kuhusu saa yenyewe, daktari alitupa njia moja naona inafaa. Chukua kalenda ya ukutani, kila jioni weka alama, siku nzuri ama siku mbaya, basi. Siku nzuri ni amekula, amesimama mwenyewe, amekuja akiitwa. Siku mbaya ni amelalia mkojo wake, amekataa chakula, anahema ovyo hata kukiwa na baridi. Mbwa anaficha maumivu, hatalia vile wewe unangoja alie, kwa hivyo macho yako yatakudanganya kwa sababu unampenda na kila akitingisha mkia kidogo unasema amepona. Kalenda haidanganyi. Siku mbaya zikishakuwa nyingi kuliko nzuri, mazungumzo na daktari ya kumpumzisha kwa sindano ianze. Na zaidi ya kalenda angalia kile kitu chake mwenyewe, kile kinamfanya awe yeye. Kwa Chui ilikuwa punda. Siku mkokoteni ulipita na hakuinua hata kichwa, mama watoto akaniangalia, hakuna mtu alisema kitu.

Daktari alikuja nyumbani, na kama kuna uwezekano omba aje nyumbani, mbwa mgonjwa kumrusha kwa boda ama kwa buti ya gari ni mateso na anaogopa. Wacha nikueleze vile inaenda ili usishtuke. Kwanza anachoma sindano ya kutuliza kwa paja, mnakaa naye, kichwa kinakuwa kizito pole pole. Akishalala kabisa ananyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, anatafuta mshipa, anaweka dawa ya usingizi lakini kiwango kikubwa sana. Ndani ya dakika chache pumzi inasimama halafu moyo. Macho hayafungi, hiyo usiogope, na wakati mwingine baada ya moyo kusimama mwili unavuta hewa mara moja ama mkojo unatoka, si kwamba amerudi ama anaumia, ni misuli tu. Sisi nilimshika kichwa na mama watoto akawa anamwongelesha na sauti ile ya alfajiri ya kwenda steji. Tafadhali kuweni hapo. Najua watu wengi wanamwachia daktari wanaingia ndani kwa sababu hawawezi, lakini yeye dakika hizo anatafuta watu wake, na hiyo ndio kazi ya mwisho unaweza kumfanyia.

Watoto waambie ukweli. Usiseme ati anaenda kulala, wataogopa kulala wenyewe. Sema amezeeka, mwili umechoka, daktari atasimamisha moyo na hataamka na hatasikia uchungu. Mkubwa wetu alitaka kuwepo, mdogo akakataa, wote tuliwakubalia.

Kaburi chimbeni refu, zaidi ya mita moja, mbali na kisima, mfungeni na blanketi ama gunia, si plastiki. Hii si ya heshima peke yake, ile dawa inabaki kwa mwili na mbwa ama ndege akifukua na kula anaweza kufa. Kama uko ploti ya kukodisha ongea na ndugu mwenye shamba mapema, usingoje siku hiyo. Mbwa wetu mwingine, Popi, tulimwacha anuse kwanza kabla ya kufunga. Bado alimtafuta siku kadhaa, akawa anakula kidogo, tukaweka chakula saa ile ile ya kawaida hadi akatulia.

Watu watakuambia unaliliaje mbwa na watu wanakufa. Lia. Aliyeishi kwako miaka 13 ni wa nyumbani.

Na huyo mzee wako mwambie kwa upole kwamba kufa mwenyewe kwa figo si kulala akaamkia mbinguni, ni siku na siku za kutapika na vidonda mdomoni. Nafikiri hajui tu, wengi hawajui. Mwite daktari wiki hii aje amwone, apime damu, ampe dawa ya maumivu, hata kama hakuna sindano inachomwa siku hiyo, na mzee awepo asikie mwenyewe. Halafu utuambie amesemaje.