Mtoto akiruhusiwa na korti kujisimamia, "amekombolewa"?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kaptembwa, Nakuru. Nafasiri habari ya binti wa miaka 16 huko California, Marekani, ambaye jaji amemruhusu kujisimamia bila kuwa chini ya wazazi wake. Nimeandika "binti aliyekombolewa". Mwenzangu asema niandike "aliyefanywa mtu mzima". Nani yuko sawa?

JIBU: Hakuna, ila kosa lako ndilo linaloniuma zaidi.

Kukomboa ni kutoa kilichoshikwa: shamba la rehani, mateka, nchi iliyotawaliwa. Ukisema binti amekombolewa, umeshamhukumu mamake. Kumbe California mtoto anayeomba ruhusa hiyo, pamoja na kutimiza miaka 14 na kujisimamia kifedha kwa pato la halali, sharti awe tayari anaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao au bila wao kupinga. Mateka yuko wapi hapo? Na huko kwenu Nakuru, komboa ni kukodi pia: "Nimekomboa chumba Langa Langa." Hebu isome tena "binti aliyekombolewa" kwa sikio la jirani yako. Ni doa ambalo mtoto wa watu hakustahili.

Najua ulikolitoa. Neno la Kiingereza, "emancipated", ni lilelile la kuachwa huru watumwa, nalo limetoka Kilatini, likiwa na "mkono" ndani yake. Sheria ya kale ya Roma ilisema baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana yu huru. Nasi husema mtoto yuko mikononi mwa babake, kwa hiyo "kutolewa mikononi mwa wazazi" kunavutia. Nisingeyatumia maneno hayo hata hivyo, kwa sababu msomaji wetu atadhani mtoto alikuwa akiteswa.

"Mtu mzima" nako kumepita kiasi. Binti huyo sasa aweza kutia sahihi mkataba na kukubali matibabu mwenyewe, lakini kura hapigi mpaka atimize miaka 18.

Mimi ningeandika: "Mahakama imemruhusu binti wa miaka 16 kujitegemea kisheria." Ukimtaja tena, "mtoto anayejitegemea kisheria" yatosha. Hilo "kisheria" usilidondoshe. Jumapili moja sokoni Kibuye, Kisumu, nilimsikia mama muuza omena akisema juu ya mvulana aliyembebea gunia, mdogo wa kama miaka 14: "Huyu ashajitegemea." Alisema kwa kumsifu, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Lakini hakuna jaji aliyeandika lolote, na kwa Katiba yetu ya 2010 mvulana yule bado ni mtoto, mwenye haki ya kutunzwa na baba na mama. Neno moja tu ndilo linalomtenga na binti wa California.

Tena usichanganye na kukanwa. Baba akimfungia mwanawe lango la boma na kumwambia "wewe si wangu tena", andika kwamba amemkana. Wajibu wake wa kumlea haujaondoka.