Alisajiliwa kwa mbwembwe, akawekwa benchi

Mmeuliza wiki hii, mwigizaji gani wa kike wa enzi za muvi za mwanzo alionewa kuliko wote. Najua wengi mtamtaja Hattie McDaniel na mna haki, yule mama mweusi kachukua Oscar 1940 huku kakalishwa kimeza cha pembeni ukutani, mbali na wenzake alioigiza nao. Ila Hattie kazi alipewa jamani, za uyaya na upishi lakini alipewa. Mi kura yangu ni kwa Nina Mae McKinney, ambae tatizo lake hakufanana na yaya.

Huyu binti katokea Lancaster, South Carolina, akaenda New York akawa anacheza kwenye kundi la wadada wanaocheza nyuma ya staa jukwaani, Broadway, ule mtaa wa majumba ya maonyesho, na huko ndo mwongozaji King Vidor akamuona. Vidor alikuwa anatafuta watu wa Hallelujah, muvi ya 1929 ya studio ya MGM ambayo waigizaji ni weusi watupu, kitu ambacho studio kubwa zilikuwa zinakiogopa mpaka mwenyewe akaweka rehani mshahara wake ndo wakakubali. Nina kwenye hiyo muvi ni Chick, msichana wa mjini anaemvuta kijana wa shamba aliyetoka kuuza pamba ya familia, anampeleka kwenye kamari ya dadu na hela yote inaliwa. Kuna sehemu anacheza klabu, nilimwekea bibi yangu kwenye simu, mabega yanaenda huku magoti yanaenda kule na uso unacheka kama hajui kinachoendelea chini, bibi akaishika simu akaisogeza karibu na macho, "mjukuu wangu, huyu mtoto ana mifupa kweli?" Umri wake pale ni kama miaka 16 au 17 tu.

Na hata siku ya uzinduzi New York ilikuwa vituko, muvi ilifunguliwa sehemu mbili kwa mpigo, moja katikati ya mji na nyingine Harlem, ili weusi wabaki kwao wasije kujazana na wazungu. Muvi ya weusi watupu hiyo!

Sasa MGM wakampa mkataba wa miaka 5. Kwa mtu mweusi enzi zile hiyo haikuwa kawaida kabisa, ni kama timu kubwa imemsajili kinda anapokelewa na ngoma airport halafu msimu unaanza, mechi ya kwanza benchi, ya pili benchi, mpaka mashabiki wanasahau jezi yake namba ngapi. Maana wangempa nini? Kanuni za muvi zilizoandikwa 1930 zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mzungu, kwa hiyo kumpanga na mastaa wa kiume wa studio haiwezekani, na mastaa wa kiume weusi studio yenyewe haikuwa nao. Halafu wenye majumba ya sinema kule kusini hawataki kumuona mweusi anang'aa, wanamtaka na aproni. Nina kwenye aproni haingii, mwembamba, macho makubwa, anatembea kama anajua unamuangalia. Basi wakabaki wanamwazima kwa studio nyingine huku na kule, 1931 kwa mfano yupo Safe in Hell anaendesha hoteli, anaimba kidogo, basi.

Akaondoka zake Ulaya, huko wakawa wanamwita Garbo mweusi, yaani wanamfananisha na Greta Garbo, staa mzungu wa muvi enzi hizo, na hata televisheni ya BBC ikiwa changa kabisa alitokea. 1935 akacheza Sanders of the River na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, Nina akiwa mke wa chifu, na hapa watu wa kwetu msikilize, kati ya wale machifu wanaopita pita mle kwenye muvi mmoja ni Jomo Kenyatta, alikuwa London enzi hizo akapata kibarua. Muvi yenyewe ikaja kutoka ni ya kumsifia mkoloni, Robeson alichukia sana akaikana, ila Nina hakuwa na ubavu huo wa kukana kazi.

Kinachoniuma zaidi ni Pinky, 1949. Stori ni binti mweusi ambae rangi yake nyeupe mpaka watu wanadhani ni mzungu, na studio ikampa Jeanne Crain, mzungu kabisa, aigize huyo mweusi. Nina humo ndani yupo, kisehemu kidogo cha mwanamke mkorofi, ukiinuka kuchukua maji umempita. Miaka 20 toka Hallelujah. Kafariki New York Mei 1967, hata 55 hajafika.

Mkichapisha hili jibu naomba muweke picha ya 1929, msiweke ya Pinky.