Mfuasi hewa hapimwi gauni

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni fundi wa nguo za kike, ofisi yangu iko Nkuhungu hapa Dodoma. Nina akaunti ya Instagram mwaka wa pili sasa na nilikuwa na wafuasi 1,100. Mwezi wa tatu kijana mmoja aliniuzia wafuasi 8,000 kwa shilingi 40,000. Sasa hivi nasoma 8,700, lakini nikiposti napata laiki 14, na kumi kati ya hizo ni za ndugu zangu. Yule kijana anasema algoridhimu imenifungia, niongeze 60,000 aniletee wengine 10,000 "wa viwango", halafu nimpe pasiwedi aifungue. Naomba unielekeze nitumie alama za reli (hashtag) zipi, na niposti saa ngapi, ili akaunti ifunguke. (Fundi, Nkuhungu)

JIBU: Dada, pole kwanza kwa ile elfu arobaini. Alama za reli na saa za kuposti nitazigusa huko mbele kwa mistari michache, maana hazihusiki na kilichokupata. Swali hili naletewa karibu kila wiki, leo na muuza viatu wa Majengo, kesho na mwenye saluni Area C. Kila mmoja ameshanunua watu, na kila mmoja anatafuta dawa ya kuwaamsha. Hawaamki, kwa sababu hawapo.

Huu ni mji wa watumishi, basi niseme kwa lugha ya mji. Unakumbuka habari za watumishi hewa mwaka 2016? Jina liko kwenye orodha ya mishahara, cheo kipo, lakini ukienda idarani kuuliza nani amewahi kumwona, watu wanatazamana. Hao 7,600 ulioongezewa ni wa ukoo huo huo, isipokuwa hawa uliwaajiri mwenyewe.

Kaa na simu dakika tano ufungue orodha ya wafuasi wako, mmoja mmoja. Utakuta majina yenye mkia wa tarakimu, hakuna picha hata moja, na upande wa anaowafuata kuna watu 7,000 na ushee. Instagram hairuhusu akaunti kufuata zaidi ya watu 7,500, kwa hiyo anayegonga huko hajaja kutazama mishono, ametengenezwa kwa kazi ya kufuata tu. Halafu igeuze akaunti iwe ya biashara, ni bure, ufungue takwimu sehemu inayoonyesha miji. Yule muuza viatu wa Majengo tulifungua naye pamoja, tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya duka lake, jua la saa saba linawaka. Mji wa kwanza Jakarta, wa pili Istanbul. Dodoma ilikuwa ya tano. Akakodolea macho kile kioo, mwisho akauliza, "Sasa hawa wa Jakarta wanavaa namba ngapi?"

Kwa nini uliuziwa 8,000 na sasa jumla haifiki 9,100? Kwa sababu Instagram wenyewe huwafyeka. Desemba 2014 walifagia akaunti bandia kwa mkupuo, hata akaunti rasmi ya Instagram yenyewe ikapoteza wafuasi karibu milioni 19. Tangu hapo ufagio haujawekwa chini. Wale 400 waliokwisha kupotea ni mwanzo tu, na muuzaji anajua. Ndiyo maana amerudi haraka na bei mpya.

Sasa hilo neno "algoridhimu imekufungia", yaani ile hesabu ya mtambo inayoamua nani aone posti ipi. Hapo ndipo huwa naishiwa uvumilivu. Zamani mganga alikuambia jirani amekuroga, leo anakuambia algoridhimu. Adui haonekani, na dawa anayo yeye peke yake. Mwaka 2021 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, aliandika wazi kwamba hakuna algoridhimu moja inayokaa mahali ikimfungia huyu na kumfungulia yule. Ukurasa wa mwanzo una hesabu zake, stori zina zake, rili (zile video fupi) zina zake. Kwenye ukurasa wa mwanzo mtambo unakisia nani kati ya wafuasi wako atajali picha hii, kwa kutazama nani amewahi kujali zilizopita. Kwenye rili mtambo unaionjesha video kwa watu wachache, unaangalia wameitazama muda gani, wamelaiki, wamemtumia mtu mwingine? Wakiipenda, inapelekwa kwa wengi zaidi. Sasa jiulize, akaunti ya Jakarta isiyo na mtu nyuma yake itamtumia nani gauni la sendoff?

Na kama bado una wasiwasi wa kufungiwa, usimuulize kijana. Ndani ya mipangilio kuna sehemu inaitwa hali ya akaunti. Ifungue, itakuambia yenyewe kama kuna posti iliyokosea kanuni au kama umeondolewa kwenye mapendekezo, pale Instagram inapowaonyesha posti zako watu wasiokufuata. Haihitaji "mtu wangu wa ndani". Huyo mtu wa ndani nimesimuliwa na wateja wasiohesabika na sijawahi kumwona. Naye ni hewa.

Nikubali jambo moja: namba kubwa inavuta jicho. Mgeni akikuta 8,700 anatulia kidogo kuliko akikuta 1,100. Lakini anashuka chini, anaona laiki 14, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza bei. Watu wa mjini wameshaerevuka, wanajua hiyo maana yake nini. Ulikuwa fundi mdogo mwenye watu wake, sasa unaonekana fundi anayedanganya.

Kosa lenyewe lilianza kabla ya kijana. Lilianza pale uliposema moyoni, "Nikifika elfu kumi, biashara itatembea." Nani alikupa hiyo elfu kumi? Tupige hesabu ya cherehani badala ya hesabu ya simu. Tuseme unamaliza magauni manne kwa wiki, ya kupima, kukata, kushona na kujaribisha. Kwa mwaka ni kama 200. Wateja 60 wanaorudi mara tatu au nne wanakujaza mpaka unaanza kukimbia simu za watu kama mafundi wengine. Wafuasi wa kweli 1,100, wengi wao wa hapa hapa, ni zaidi ya unachoweza kushona. Uliacha kulima shamba lako ukaenda kukodi la jangwani.

Nimeipitia akaunti yako, na hapa samahani dada, nitasema wazi. Kati ya picha tisa za juu, sita si kazi yako. Moja mwanamke amesimama mbele ya gari, na namba ya gari imeandikwa LAGOS. Najua mafundi wengi wanafanya hivyo, wanaokota mishono ya Nigeria na Ghana na kuandika "tunashona hii". Mteja anakuja na picha hiyo kichwani, anaondoka na gauni lingine, na kilio chake anakipeleka kwenye magrupu ya WhatsApp ambako wewe haupo kujitetea. Isitoshe, mwaka 2024 Instagram walitangaza kuwa akaunti inayorudiarudia kuweka kazi za wengine itaondolewa kwenye mapendekezo. Kwa hiyo kama kuna kitu kinakubana kweli, huenda ni hicho, na wala hakihitaji pasiwedi yako kukifungua.

Kuna jambo la fani yako ambalo wauza wafuasi hawawezi kulijua. Picha ya mshono mzuri inahifadhiwa sana. Unaona namba ya waliohifadhi inapanda, unafurahi. Lakini wengi wanaihifadhi wampelekee fundi wao. Mshono unaibwa kwa skrinishoti moja, mkono wako hauibiki. Basi onyesha mkono. Geuza gauni ndani nje, piga karibu pale zipu ilipolala bila kujikunja, onyesha bitana na ovaloki, onyesha maua ya kitenge yalivyokutana kwenye mshono wa mgongoni bila kukatika katikati. Video ya sekunde 15 ya futikamba ikipita kiunoni, kisha mteja huyo huyo amevaa, akigeuka (kwa ruhusa yake, na kama hataki uso, mkate shingoni). Mwanamke anayelia na fundi wake wa sasa kwa zipu inayofura hatampelekea fundi huyo video yako. Atakuja kwako.

Picha zako tatu za kweli ni nzuri ila umepiga saa sita mchana. Jua letu la hapa saa hizo linachoma rangi, kitenge cha kijani kinatoka kama kimefuliwa mara hamsini. Piga saa mbili asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, au simama mlangoni kivulini ukitazama nje. Na futa kamera. Nasema kwa dhati, futa kamera kwa kipande cha khanga kila unapopiga, vumbi la Dodoma limewaharibia watu picha kuliko simu mbovu.

Halafu ile "bei njoo inbox" iache. Andika kuanzia shilingi ngapi, na ofisi iko karibu na nini. Kwenye jina la akaunti, lile la herufi nene, usirudie jina lako tu, weka na maneno "fundi nguo za kike Dodoma", kwa sababu mtu akitafuta, hapo ni mahali pamojawapo mtambo unapoangalia. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokaa, mji unajaa wageni wa wiki mbili tatu. Wanashuka na treni ya mwendokasi, sketi imebana, fundi wao yuko Dar. Wanaandika nini kwenye simu? Wanaandika fundi na Dodoma. Nenda uwepo hapo.

Alama za reli: tatu au nne zinazotaja kazi na mji, basi. Saa: takwimu zako zitakuonyesha wafuasi wanaingia lini, ila kwa sasa zinakuonyesha saa za Jakarta, kwa hiyo zipuuze. Anza kwanza kuwaondoa hewa, thelathini au arobaini kila usiku, kwa mkono, bila programu ya kuondoa kwa mkupuo. Namba itashuka, ndugu watakuuliza kulikoni. Waache waulize.

Sasa niondoke kwako, nizungumze na wote wanaosoma, kwa sababu hiyo pasiwedi aliyoomba ndiyo inayonipa homa.

Anayekuuzia wafuasi hahitaji pasiwedi. Hao hewa wanatumwa kwa jina la akaunti tu. Akiomba pasiwedi, au akikuambia "kuna namba itaingia kwenye simu yako, nisomee", biashara imebadilika: sasa bidhaa ni wewe. Anaingia, anabadilisha barua pepe na namba ya simu, na kesho yake akaunti yako inawaambia wateja kuna punguzo la sare, tuma nusu kwa namba hii. Ni watoto wa wale wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", wamehamia kwenye picha nzuri. Likishatokea, nenda polisi ukatoe taarifa, na ile namba ya tapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Lakini wateja waliotuma pesa watalikumbuka jina lako, si lake.

Wapo pia wanaonunua peji nzima. Peji ya umbea yenye watu 60,000 inabadilishwa jina usiku, asubuhi inauza magauni. Watu walikuja kusikia nani kaachana na nani, unawapa vitenge? Na mteja makini akibonyeza "kuhusu akaunti hii", anaona imewahi kubadilisha jina mara ngapi. "Nifolo nikufolo" nayo sitaki hata kuijadili.

Washa uhakiki wa hatua mbili leo, kwa programu ya uhakiki kama unaweza, na zile namba za akiba utakazopewa za kuingilia simu ikipotea ziandike kwenye daftari la vipimo vya wateja, si kwenye simu hiyo hiyo. Kisha fungua mipangilio utazame barua pepe iliyosajiliwa. Nusu ya wafanyabiashara ninaokutana nao walifunguliwa akaunti na mpwa, au na kijana wa duka la simu, kwa barua pepe ya huyo kijana. Kama iliyoko humo si yako, mpigie aliyekufungulia mkabadilishe sasa, mkiwa bado mnasalimiana.