Kiti cha simuleta: bolijointi au krosi ya propela?

Ndugu yangu uliyeuliza kama utumie bolijointi ya gari (kiungo cha tufe linalozunguka kila upande) au krosi ya propela (kile kiungo cha msalaba kwenye shafti ya gari) chini ya kiti chako cha mchezo wa kompyuta kinachoinamishwa na mota mbili: chukua krosi. Mimi nilianza na bolijointi hapa nyumbani Mikindani, nikapoteza karibu miezi miwili nikibadilisha mota na programu, kumbe kosa lilikuwa palepale katikati.

Fikiria dau likiwa baharini. Kiti chako kinatakiwa kuinama kwa omo na kwa tezi, yaani mbele na nyuma, na kulala kushoto na kulia. Basi. Mwendo wa tatu, ule wa kujizungusha kama kiti cha kinyozi, huna haja nao, na bolijointi inauruhusu. Kila nilipokata kona kwenye mchezo, kiti kilijisokota, na kazi ya kukizuia ikaziangukia rodi mbili zinazotoka kwenye mota. Moja ilipinda wiki ya tatu. Wapo wanaoongeza mkono wa pembeni wa kuzuia mzunguko, na unasaidia, lakini unakuongezea viungo vingine vya kulegea. Krosi ina mihimili miwili tu iliyopishana, kwa hiyo inainama kila upande bila kujizungusha.

Bolijointi ziweke kwenye ncha za rodi. Rodi hukaa mshazari kiti kinapolala, na bila bolijointi kila ncha itapinda au itakatika. Tafuta rodi ambazo ncha moja ina meno ya kufunga kulia na nyingine ya kushoto. Utarekebisha urefu kwa kuizungusha rodi yenyewe.

Propela yangu niliipata gereji ya Changamwe, ya Hiace iliyochoka. Nilichotaka ni yoki zake, zile uma mbili za chuma zinazoshika krosi. Krosi nilinunua mpya. Ukishawishika kutumia ile ya zamani, shika yoki zote mbili uzipindue kwa nguvu huku na huku. Ikigonga hata kidogo, iache. Barabarani dereva huenda asiitambue, lakini kwenye kiti mota hubadilisha mwelekeo kila mara, na mgongo wako utausikia kila mgongano.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lililonitesa zaidi: kimo cha kiungo. Mtu aliyeketi, uzito wake mwingi uko usawa wa tumbo, yaani juu ya kiungo. Kiti na mimi tulikuwa kilo 110, na kitovu cha uzito wetu kilikuwa sentimita 20 hivi juu ya krosi. Kikiinama nyuzi 10, huo uzito peke yake unavuta kwa nyutoni mita 37 na zaidi (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kabla mota haijafanya kazi yoyote ya maana. Mota zangu, za waipa za gari, zilikuwa zinachemka baada ya robo saa. Nilikata fremu, nikashusha kiti na kupandisha krosi hadi pengo likabaki sentimita 5, na ule mvuto ukashuka hadi robo. Mota zilezile, waya zilezile, nikacheza jioni nzima.

Kabla hujafunga rodi, keti mwombe mtu akushikilie, kisha alegeze mikono polepole. Kiti kikikimbilia mbele, kisogeze nyuma. Kikilala nyuma, kisogeze mbele. Mimi nilirudia mara sita na kaka yangu mpaka kikatulia.

Siku ya kuchomelea, toa krosi na vikombe vyake (vile vyenye beringi za sindano ndani) kwanza, uchomelee yoki tupu. Joto linaunguza grisi na mipira ya kuzibia, na umeme wa mashine ukipita kwenye zile sindano za beringi unaziachia vidonda. Panga yoki ili mhimili mmoja uelekee mbele na nyuma kabisa, wa pili kushoto na kulia. Halafu piga grisi mara kwa mara, kwa sababu sindano zinasugua sehemu ileile ndogo bila kuzunguka mduara mzima, na chumvi ya hewa ya huku kwetu haingoji. Mimi napiga kila mwezi. Nipimie kimo cha kiti chako kutoka sakafuni pamoja na uzito wako, nikusaidie kupata mahali pa krosi kabla hujakata chuma.