Beseni moja la kunawia kwenye banda la chakula, maji ya dumu tena ya chumvi

Mkuu, umeuliza kama beseni moja lenye maji ya dawa linatosha kwa wateja wa banda lako hapo Dodoma, maana maji unanunua kwa dumu na sabuni haitoi povu.

Beseni liondoe. Mteja wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia, halafu anamega ugali kwa mkono huohuo. Dawa, hasa ikiwa klorini, huishiwa nguvu haraka ikikutana na uchafu na masalia ya chakula. Unahitaji maji yanayochirizika, hata yakiwa membamba kama uzi. Ya baridi yanatosha.

Suala la povu: maji ya visima vingi vya huku ni magumu. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo hushikana na sabuni ya mche kabla haijagusa uchafu, ndiyo ule utando mweupe unaouona kwenye ndoo. Ukiongeza maji unapoteza hela, ongeza sabuni. Nafuu zaidi ni sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana na maji hayo: vijiko vinne vya chai kwenye chupa ya lita 1.5, tikisa, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, mteja ajiminyie. Na chupa haiibwi kama kipande cha sabuni.

Ndoo ya lita 20 yenye koki iweke juu ya stuli, chini yake chombo cha kupokea maji machafu. Lowanisha, funga koki, sugua kwa sekunde 20: viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba (hili husahaulika sana), kucha uzikwangue kwenye kiganja cha pili. Ndipo ufungue tena kusuuza. Kasoro ni koki yenyewe, inafunguliwa kwa mkono mchafu na kufungwa kwa mkono uliotakata. Saa za mchana watu wakijaa, weka kijana awamiminie kwa jagi.

Chooni funga kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu. Chimbia nguzo mbili zenye panda, shimo la sentimita 45, umbali wa sentimita 60. Dumu la lita 5 litoboe kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko, ulining'inize kwenye fito iliyolazwa juu ya panda hizo. Kamba itoke shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Tundu likiwa kubwa, dumu linakauka kabla ya adhuhuri. Likiwa chini mno linavuja usiku kucha. Maji yaishie usawa wa tundu. Sabuni itoboe, ining'inize chini ya kopo lililopinduliwa, la sivyo jua litaipasua na kunguru watamalizia. Chini mwaga kokoto, pasiwe tope.

Taulo la wote usiweke. Mkono uliolowa hubeba vijidudu kirahisi, lakini kwa upepo wa Dodoma ukikung'uta tu unakauka.

Sanitaiza yenye alkoholi asilimia 60 au zaidi ni ya mkono usio na uchafu wala mafuta, kwa hiyo baada ya nyama choma haikusaidii. Sabuni ikiisha kabisa, majivu ni afadhali kuliko maji matupu, ila usiyafanye mazoea.

Na watoto wanaoshinda hapo bandani waoshe na nyuso. Vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) huenezwa na vidole, nguo na nzi wanaotua machoni, na mkoa huu unaujua ugonjwa huo vizuri, waulize watu wa wilaya ya Kongwa.