Tangi la sola ni tupu alfajiri: tuongeze paneli?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Kijiji chetu hapa Singida kina watu kama 1,200 na kisima cha pampu ya sola, kinachomwagilia pia bustani ya nyanya. Kamati ya maji ina wanawake watano kati ya kumi, mimi ni mhazini. Lakini alfajiri tunakuta tangi tupu. Fundi anasema tuongeze paneli. Ni sawa? – Mhazini

JIBU: Marahaba. Huyo fundi usimlipe hata senti kwanza. Paneli haziongezi maji kisimani. Kama hakupima kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, paneli zaidi zinaweza kuvuta maji kuliko yanavyojaa, pampu ikapiga hewa na mota ikaungua. Mota za hivyo nimezitoa visimani nyingi.

Niambie, saa sita mchana maji yanakwenda wapi? Jua kali ndilo linalosukuma pampu, nanyi mnachota alfajiri na jioni, kwa hiyo mnategemea kilichobaki tangini. Watu 1,200 kwa lita 25 kila mmoja, kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, ni lita 30,000 kwa siku. Ekari moja ya nyanya wakati wa kiangazi hunywa kama lita 20,000 kwa siku. Mpira ukielekezwa bustanini mchana kutwa, tangi litajaa saa ngapi?

Sisemi bustani ifungwe. Nyanya hizo ndizo ada za shule. Kinachonichosha ni hili la “kamati ina wanawake nusu”, ninaloambiwa kila kijiji ninachofika. Nikiuliza ufunguo wa koki ya bustani anao nani, ni mwanamume. Nikiuliza ratiba ya kumwagilia ilipangwa lini, ni kikao cha jioni, akina mama wakiwa jikoni. Wafadhili huhesabu viti, hupiga picha, huondoka. Anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani hajaulizwa hata tangi liwe na ukubwa gani.

Fungeni mita mbili za maji, moja njia ya bustani, moja njia ya tangi. Zisome mwenyewe kila siku kwa wiki mbili, kisha pelekeni hesabu kwenye mkutano wa watumia maji wote, saa ambayo wanawake wanaweza kukaa hadi mwisho. Ombeni tangi lijae kwanza, bustani ifuate, na ufunguo wa koki ukabidhiwe mmoja wa wachotaji.

Na kijiji kingine chochote kinachojadiliana na muuza pampu: akitaja bei kabla ya kuuliza nani huchota na saa ngapi, mrudisheni alikotoka.